Uzi Mwekundu kwenye Kilti ya Kamau

Ninyi mlioanza kazi ya nguo juzi, na ninyi mnaosimama mbele ya vibanda vya mitumba mkisugua kitambaa kwa vidole viwili kisha mnatangaza kwamba kina joto, haya ni yenu. Ninayetamka ni mimi, Wanjiru wa Murera. Nilikagua vitambaa na mablanketi katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda Thika mpaka nywele zikanigeuka rangi. Anayeandika ni mjukuu wangu Njeri, wa kidato cha tatu, kwa sababu mimi sikuwahi kuketi darasani hata siku moja. Nimemkataza kunirembea maneno. Nikikosea, aandike kosa.

Nataka kuwaeleza jinsi nilivyomchagulia Kamau, kaka yake Njeri, kilti yenye joto ya kuvaa akicheza kaling. Ninajua kwamba maneno mawili kati ya hayo hamyajui. Mimi pia sikuyajua kabla ya mwezi wa sita mwaka jana.

Kamau anaishi Gitothua kule Ruiru, na kazi yake ni kutengeneza friji. Kazi hiyo ilimfikisha katika ukumbi mmoja wa Nairobi ambao sakafu yake ni barafu tupu. Alikwenda kurekebisha mtambo wa kugandisha maji, akaona watu wakitelezesha mawe, akabaki kutazama, akarudi, akarudi tena. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja kwangu akaketi wima kama mtu aliyeitwa ofisini.

“Shosho, tumealikwa Skotlandi. Watu wanne.”

“Kutengeneza friji?”

“Kucheza. Kaling. Unasukuma jiwe kwa barafu, wenzako wanafagia mbele yake ndio liende mbali.”

“Wanafagia.”

“Ndio, Shosho.”

“Wewe ambaye uwanja wangu hujaufagia tangu uote ndevu, unavuka bahari ukafagie wa watu.”

Njeri alicheka. Kamau hakucheka. Alisema kwamba siku ya kwanza ya mashindano wachezaji wote huvaa kilti, na kila mtu aje na yake. Nilipomwuliza kilti ni nini, alimtazama dada yake, na dada yake akautazama ukuta.

“Ni kama sketi,” akasema hatimaye. “Ya wanaume. Ya marinda.”

Hapa Njeri ameacha kuandika, anafinya midomo. Nasikia ninyi vijana mmelifanyia neno marinda jambo ambalo hakuna anayekubali kunieleza. Kwangu marinda ni mikunjo ya sketi iliyopigwa pasi ikatulia, na nitalitumia mpaka mwisho.

Mlidhani nitagomba kwa sababu mwanamume anavaa sketi. Hata Kamau alidhani hivyo, nilimwona amejiandaa. Lakini mimi niliuliza swali moja: huko kwenyewe kuna baridi kiasi gani?

“Ndani ya ukumbi ni kama ndani ya friji, Shosho. Na nje pia ni friji.”

“Na magoti?”

“Magoti yanakaa nje.”

Niliweka kikombe chini. Kifua cha Kamau hupiga filimbi kikiingiwa na baridi. Amekuwa hivyo tangu alipokuwa na miaka mitatu. Mama yake husema ni ugonjwa tu, na daktari husema ni ugonjwa tu. Mimi ninajua filimbi hiyo ilitoka wapi.

Niwarudishe kiwandani kwanza, maana hamtaelewa.

Kitambaa kilipita juu ya meza iliyokuwa na taa chini yake, nasi tuliinama tukitafuta uzi uliokatika, fundo, doa la mafuta. Kila mkaguzi alikuwa na uzi wa rangi yake. Ukiridhika na kitambaa, unapiga mishono mitatu ukingoni, ili likitokea tatizo ijulikane kilipita kwa nani. Wenzangu waliandika pia majina yao kwenye karatasi. Mimi sikuwa na la kuandika. Uzi mwekundu ndio uliokuwa jina langu.

Aliyenifundisha ni mzee Mutiso, Mkamba wa upande wa Yatta, mtu mwembamba aliyetembea na ndoo ndogo ya maji. Hakugusa kitambaa kabla ya kuloweka mkono. Tulimcheka sana. Wasichana wa mashine za kusokota walimwita Muuza Samaki. Siku yangu ya kwanza kwenye mablanketi, alinisimamia, akaniita kwa jina la binti yangu.

“Mama Wambui, hili unalionaje?”

“Lina joto.”

“Nani amekwambia?”

“Mkono wangu.”

“Mkono wako umetoka kushika kikombe cha chai. Saa hii hata mlango wa choo utauona una joto. Liloweke, ukae nalo, kisha uniambie.”

Nililoweka pembe ya blanketi, nikaiweka juu ya paja, nikaketi. Mzee alikwenda kunywa chai yake bila haraka. Aliporudi paja langu lilikuwa limekufa ganzi. Alinipa blanketi la pili, la sufu, jembamba kuliko la kwanza, nalo likiwa limelowa lilinishika kama mkono wa mtu. Siku hiyo nilielewa kwamba unene unaweza kukudanganya. Kuna mashine yenye meno ya waya inayochana uso wa blanketi mpaka linavimba kama kuku aliyenyeshewa akajikung'uta. Chini ya manyoya hayo huenda hakuna kitu.

Kuchoma uzi pia alinifundisha yeye. Uzi wa sufu ukiwashwa hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika. Uzi wa plastiki hujikunja, huyeyuka, huacha punje ngumu, na hunuka beseni lililosahauliwa kando ya jiko.

Basi Mutiso alistaafu. Zikaja mashine za kasi, msimamizi mpya akataka vitambaa vipite mbio, na ndoo ikageuzwa kuwa ya kuoshea sakafu. Sikugombana na mtu. Nilianza kukagua kwa mkono mkavu kama wengine. Katika miaka yangu ya mwisho pale, nilinunua blanketi kutoka ghala la kiwanda, nene, lenye picha ya simba, nikamletea Kamau huku Murera. Ulikuwa mwezi wa saba. Mnajua mabati yanavyotoa jasho alfajiri mwezi huo. Matone yaliangukia blanketi usiku baada ya usiku, nalo likayanywa yote na kukaa na baridi yake juu ya kifua cha mtoto. Mimi niliona manyoya, nikaamini lina joto. Ilipofika wiki ya pili alikuwa amelazwa kwa nimonia, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima.

Muuguzi alipokuwa akilikunja lile blanketi aligeuza ukingo wake. “Huu uzi mwekundu ni wa nini?” akauliza.

“Alama ya kiwanda,” nikasema.

Mishono mitatu. Nilikuwa nimelipitisha mimi mwenyewe.

Njeri amenyanyua kichwa ananitazama. Hakuwa analijua hili. Andika, nimemwambia. Usinitazame, andika.

Sasa mnaona kwa nini nilipoambiwa kilti sikulala vizuri. Ningeweza kumkataza kwenda. Alikuwa akingoja nimkataze. Lakini mtu wa miaka ishirini na nne hazuiliwi kwa kosa la mtu mwingine.

Tulikwenda soko la mitumba Thika, mimi, Kamau na Njeri. Kijana mmoja anayeuza sketi, ambaye huniona kanisani, alikuwa ametuwekea tatu. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nene, yenye manyoya, miraba yake inawaka kama taa za sherehe. Ya pili ilikuwa nzuri mpaka tulipoifungua: nondo walikuwa wamekula kiunoni, na ilifungwa upande wa wanawake. Kilti ya mwanamume hufungwa kulia, Kamau alikuwa amesoma. Ya tatu ilikuwa ya kijani na buluu iliyochujuka, nyembamba, yenye mikanda midogo ya ngozi. Kamau alishika ile nyekundu akaiweka shavuni.

“Shosho, hii iko na joto mbaya.”

“Shavu lako limetoka juani,” nikasema, na nikasikia sauti ya Mutiso ndani ya sauti yangu.

Nikavuta uzi mmoja kutoka upindo wa ndani wa kila kilti. Lakini nilipoisugua ya tatu ili niisikie, sikusikia lolote. Vidole vyangu vimekufa nchani. Miaka yote ile ya kupapasa iliniondolea ngozi ya kuhisi, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilisimama pale na kitambaa mkononi kama mtu aliyepewa barua. Njeri aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia anipe kiberiti.

“Mathe, unachoma mali yangu?” kijana akauliza.

“Ninaisoma.”

“Kusoma ni kwa macho, mathe.”

“Wewe soma kwa macho. Mimi husoma hivi.”

Uzi mwekundu ulijikunja ukawa punje, na jirani wa kibanda akauliza ni nani anayechoma beseni. Uzi wa kijani ulinuka nywele. Kamau alisema hiyo haionyeshi joto, inaonyesha moto. Kwa hilo alikuwa na haki. Nilimwomba kijana anikopeshe zote mbili hadi Jumamosi, akakubali kwa sharti kwamba sitazichoma zaidi.

Nyumbani nilimtaka Kamau anionyeshe mchezo wenyewe, kwa maana huwezi kuchagua vazi la kazi usiyoijua. Tulitoa viti. Sakafu yangu ni ya saruji nyekundu, nayo hupakwa nta kila Jumamosi. Jiwe halikuwepo, lakini aliposema kwamba jiwe la kaling ni zito, la mviringo, lenye mkono wa kushikia juu, Njeri alikwenda kuchukua pasi yangu ya makaa. Kamau alifunga ile kilti nyekundu juu ya suruali. Akachuchumaa, akasukuma kwa mguu wa kulia, akateleza goti la kushoto likiwa mbele ya kifua na mguu wa kulia umelala nyuma kama mkia. Pasi ilikwenda polepole mpaka ikagonga mlango. Ni mchezo mzuri. Sikumwambia.

Mimi sikuwa nikitazama pasi. Nilikuwa nikitazama nyuma yake. Alipochuchumaa, marinda yalishuka yakafagia sakafu, na aliposimama upindo ulikuwa na mstari wa nta.

“Kule itakuwa barafu,” nikasema. “Utalowa huko nyuma kila zamu.”

“Kidogo tu, Shosho.”

“Mchezo mmoja huchukua muda gani?”

“Kama masaa mawili. Zaidi kidogo.”

Hilo nililielewa. Ni muda wa kupika githeri ya mahindi makavu na maharagwe, kutoka kuinjika hadi mahindi yapasuke.

Asubuhi iliyofuata, na ulikuwa mwezi wa saba tena, niliinjika githeri, nikalowesha ile kilti nyekundu upindoni, nikaifunga juu ya petikoti na kuketi kizingitini, miguu nje kwenye ukungu. Mwili wa mzee husikia baridi kabla ya mwili wa kijana, kwa hiyo kama vidole vimenikataa, nitatumia mapaja. Jirani yangu Wangari alipita na ndoo ya maziwa akasimama.

“Wanjiru, hiyo ni sketi ya nani?”

“Ya Kamau.”

Alifikiri kidogo. “Na mbona imelowa?”

“Ndiyo kazi yake.”

“Nitakuombea,” akasema, na sidhani alikuwa akitania.

Maji ya githeri hayakuwa yamechemka bado nilipoanza kutetemeka. Maji yalipanda kutoka upindoni hadi kiunoni, na manyoya yote yakalala kama nyasi iliyokanyagwa. Nilivumilia kidogo zaidi ili niwe na hakika, kisha nikaivua.

Kesho yake nikafanya hivyo kwa ile ya kijani. Mwanzoni iliniuma kwa baridi, nikasema moyoni kwamba sasa sina chaguo lolote. Kisha ikatulia. Ilikuwa imelowa upindoni, lakini maji hayakupanda, na marinda yalikuwa yameshika hewa kati ya kunjo na kunjo. Nilikaa mpaka nikasikia harufu ya mahindi yaliyopasuka. Magoti yaliniuma siku tatu, lakini mapaja yalikuwa mazima. Jumamosi Kamau alimlipa yule kijana zote mbili, maana ile nyekundu hakukubali kuiacha.

Nanyi sasa mtasema kazi ilikwisha. Haikwisha. Hofu haitosheki na jibu sahihi. Murera si Skotlandi, na kizingiti si barafu. Nilijiambia kwamba nikitia bitana ya flana ndani ya ile ya kijani itakuwa na joto maradufu, nikakesha juma zima nikishona kwa mkono. Kamau alipoivaa na kuchuchumaa, marinda hayakufunguka. Alikwama katikati, akaanguka ubavu, na pasi ikaenda chini ya kabati. Njeri alicheka hadi akaketi. Ile hewa iliyonipa joto kizingitini, mimi mwenyewe nilikuwa nimeibana nikaitoa. Nikafumua mishono yote. Bitana ile ndiyo inayofuta meza hii tunayoandikia. Joto la ziada alilipata kwa soksi ndefu za sufu na kaptula ya ndani inayobana.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Kamau hakuitaka ile ya kijani. Wenzake watatu walikuwa wamepata nyekundu, picha zingepigwa, yeye peke yake angeonekana kama mtu aliyevaa pazia la kanisa. Alikuja kunieleza kwa adabu, akiwa amesimama langoni.

“Shosho, nitabeba zote mbili. Nikifika nitaona.”

Nilijua maana ya nitaona. Nikamwambia akae juu ya jiwe la lango. Nikamweleza habari za mablanketi, Mutiso na ndoo, msimamizi na haraka, matone ya mabati, muuguzi, mishono mitatu. Sikumtazama usoni. Nilitazama barabara kama mtu anayengoja mgeni. Nilipomaliza nilifikiri kwamba sasa nimepoteza kila kitu.

“Hiyo blanketi naikumbuka,” akasema. “Ilikuwa na simba.”

“Ndiyo.”

“Nilikuwa naipenda sana, Shosho. Nilikuwa nalala kwa tumbo ya simba.”

Hakusema kwamba amenisamehe wala kwamba hakuna cha kusamehe. Alichukua ile ya kijani mkononi mwangu, akaigeuza ndani nje, akaniuliza kama nina uzi mwekundu.

Nilikuwa nao. Lakini nawaambia kweli, sindano iliniwia nzito. Miaka yote tangu nitoke kiwandani sikuwa nimeweka alama yangu kwenye kitu cha mtu. Ukitia uzi, umesema kwamba umekikagua na utakijibia. Nilipiga mishono mitatu nyuma, upande wa ndani wa upindo. Njeri alinitungia uzi kwenye sindano, akidhani nazibaziba tundu.

Waliondoka mwezi wa kumi na moja. Kamau aliweka kilti zote mbili ndani ya begi, nami nikamwona akiziweka zote mbili.

Siku ya mchezo ilikuwa mchana hapa kwetu. Tulikalia kochi, mimi na Njeri, simu yake ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Picha ilikuwa ndogo na ilikatikakatika. Niliona weupe, kisha watu wengi wenye miraba, wekundu na kila rangi, na sikuweza kumtambua wetu.

“Yupo wapi?”

“Ngoja, Shosho. Bado zamu yake.”

“Amevaa rangi gani?”

“Siwezi kuona, imeganda.”

Picha ilipoachia, mtu mmoja alikuwa amechuchumaa, ametugeuzia mgongo. Alisukuma mguu akateleza, na upepo wa mwendo wake ukapindua upindo nyuma. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Njeri alikuwa akitazama jiwe linakwenda wapi. Mimi niliona kijani iliyochujuka, na ndani yake kitu chekundu kidogo.

“Ameshinda?” nikauliza baadaye, kwa ajili ya adabu.

“Wamepigwa vibaya,” Njeri akasema.

Alipopiga simu bado kulikuwa na mwanga. Alianza kueleza jiwe lililopinda na wazee wa huko walivyowacheka na kuwapa supu, anaongea mbio kama kawaida yake.

“Kamau, nyamaza kidogo.”

“Nini, Shosho?”

“Weka simu karibu na mdomo. Pumua.”

Akapumua. Nilifumba macho, nikamwashiria Njeri asisogeze hata kiti. Ilitoka, ikaingia, ikatoka. Nilitafuta filimbi kama nilivyokuwa nikitafuta uzi uliokatika juu ya ile meza ya taa, mwanzo hadi mwisho, sikuipata, na kisha nikarudia kutoka mwanzo.

“Shosho,” akasema, na nilimsikia anatabasamu. “Nimepita?”

“Bado umelowa,” nikamwambia. “Kauka kwanza. Kesho nipigie, upumue tena, ndipo nitakujibu.”